Minyororo Si Tiba: Maradhi ya Baipola na Makosa Yetu Waislamu



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunataka kulisema kwa sauti jambo ambalo katika misikiti yetu hapa Kampala husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni hili: tunawatesa wagonjwa wa akili kwa jina la dini, na dini haimo katika mateso hayo. Tunaanza kwa kujishitaki wenyewe, sisi walimu wa madrasa, maana si uadilifu kumnyooshea mwingine kidole na hali mikono yetu haijaoshwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa miaka 19. Kijana mtulivu, mwenye adabu, sauti yake katika kisomo ni nzuri. Ilipoingia Ramadhani akaanza kubadilika. Baada ya Tarawehe alikuwa hatoki msikitini, anasoma mpaka daku, na mchana halali. Tukamsifu mbele ya wenzake. Tukawaambia, "Tazameni mwenzenu anavyomcha Mola wake!" Siku ya tatu bila usingizi alikuwa anazungumza haraka mpaka maneno yanagongana. Siku ya tano alichukua mtaji wa mama yake, muuza vitenge katika soko la Owino, akaugawa wote kwa wapita njia. Siku ya saba akasema yeye ameletewa ujumbe kwa ajili ya Uganda nzima.

Hapo sisi tuliokuwa tukimsifu tukageuka. Tukasema, "Huyu ana jini." Akapelekwa kwa mtu anayejiita raqi. Akafungwa kamba siku 11, akapigwa nyayo, na mama akauza cherehani yake kulipia. Miezi michache baadaye kijana yule yule akawa hatoki chumbani. Hali, haogi, haswali, anasema heri afe. Sisi tukasema nini? Tukasema, "Imani yake imepungua."

Tazameni makosa matatu tuliyoyafanya kwa mtu mmoja. Kwanza tuliyasifu maradhi. Kisha tukayapiga. Kisha yalipogeuka sura tukayaita udhaifu wa imani. Aliyemwokoa hakuwa shekhe. Ni shangazi yake, muuguzi, aliyempakia kwenye gari na kumpeleka hospitali. Leo kijana huyo anafanya kazi, anameza dawa zake, na anaswali pamoja nasi safu moja. Ametupa ruhusa tusimulie bila kumtaja jina.

MARADHI HAYA NI YAPI?

Madaktari wanayaita maradhi ya baipola, yaani maradhi yenye ncha mbili. Ncha ya kwanza ni mania. Mtu anapanda mno: halali na wala hachoki, anasema bila kituo, mawazo yanakimbizana, anatumia fedha ovyo, anajiona mkubwa kuliko watu wote, pengine anakuwa mkali au anaingia katika zinaa na hali hiyo si tabia yake. Hali hiyo ikidumu wiki moja au zaidi, au ikiwa kali kiasi cha kulazimu alazwe, hiyo ndiyo mania.

Ipo pia iliyo ndogo kuliko hiyo, inaitwa haipomania. Hudumu siku 4 au zaidi. Mtu amechangamka kuliko kawaida yake, analala saa chache, ana mipango kumi kwa siku, lakini bado anakwenda kazini na watu hawaoni kitu. Hii ndiyo inayotudanganya zaidi sisi wazazi na walimu, kwa sababu sura yake ni sura ya bidii. Ncha ya pili ni huzuni nzito isiyoondoka kwa kuambiwa "jikaze". Na huko ndiko kwenye hatari kubwa ya mtu kujiua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na maradhi haya. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu wa sekondari, wa Makerere na wa chuo chetu cha Kiislamu, IUIU. Basi msiseme hayatuhusu.

"HAYA NI MAJINI TU"

Hii ndiyo hoja ya kwanza tunayojibiwa. Tunajibu: sisi tunaamini majini wapo. Qur'an ina sura nzima yenye jina lao. Lakini kuamini kwamba majini wapo hakukulazimishi kuamini kwamba kila anayeumwa ana jini, kama vile kuamini kwamba wezi wapo hakukupi ruhusa ya kumkamata jirani yako.

Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha maswahaba zake watafute matibabu, akawafahamisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Hakusema isipokuwa ugonjwa wa akili. Na wema waliotangulia walimfahamu hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na humo akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayomjia mtu bila yeye kujua sababu. Sultan Nur al-Din alijenga hospitali Damascus mwaka 1154. Sultan Qalawun akajenga nyingine Cairo mwaka 1284, na ndani yake wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao ya kutibiwa. Wakf za Waislamu ndizo zilizolipia. Je, masultani hao na wanachuoni wa zama zao hawakujua kuwa kuna majini? Walijua vizuri, lakini hawakumfanya jini kuwa kisingizio cha uvivu.

Wengine hutuambia, "Lakini fulani alisomewa akapona." Tunakubali kwamba aliinuka. Ila wajueni maradhi haya: huja na kuondoka. Mania hata bila dawa mara nyingi huisha yenyewe baada ya wiki au miezi, na hurudi. Basi anayefika mwishoni ndiye anayepokea sifa na shilingi. Mtafiti wa Makerere, Daktari Catherine Abbo, aliwafuatilia wagonjwa wenye maradhi makali ya akili waliokuwa kwa waganga wa kienyeji katika wilaya za Jinja na Iganga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Wengi walipata nafuu ndani ya miezi 6. Lakini pia wengi wao walikuwa wakienda hospitali kwa ugonjwa huo huo! Hospitali inatibu, kibanda kinasifiwa.

Na tuulizane swali moja: jini gani huyo anayerudi kila mtu akikosa usingizi, na anayetulia damu ikiwa na kiasi cha kutosha cha lithiamu?

Tusifahamike vibaya. Ruqya ya Qur'an ni sunna, nasi tunaisoma. Mgonjwa asomewe, aombewe dua, atolewe sadaka. Lakini ruqya haina kamba, haina fimbo, haina moshi wa kumziba mtu pumzi, haina kumfungia binti wa watu chumbani na mwanamume ajinabi, na haina kumwambia mgonjwa aache dawa. Anayefanya hayo ni mfanyabiashara aliyevaa kanzu. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonyesha wagonjwa wa akili wakifungwa minyororo katika nchi kama 60, za Waislamu na zisizo za Waislamu. Ni aibu kwetu sote, na kwetu sisi ni aibu maradufu, maana Mtume wetu alitukataza kudhuru na kudhuriana.

Wala tusidhani kwamba ni Waislamu peke yao wanaokosea. Katika Buganda yetu, mwaka 2006 watafiti Elialilia Okello na Seggane Musisi waliandika kwamba huzuni kali iliyochanganyika na kuona na kusikia yasiyokuwapo huhesabiwa na wengi kuwa ni byekika, yaani mambo ya ukoo, yanayotaka tambiko wala si daktari. Sisi tunaikataa tambiko msikitini Ijumaa, kisha Jumamosi tunafanya yale yale kwa jina la Kiarabu. Tofauti iko wapi?

"UTAFITI NI WA WAZUNGU"

Hoja ya pili inatoka kwa vijana wetu waliosoma. Wanasema maradhi haya yamebuniwa na Wazungu, na utafiti wao ni njama.

Tunasema, kweli ipo sehemu ya lawama. Kwa miaka mingi utafiti wa jeni za maradhi haya ulifanywa karibu wote kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mapacha wameonyesha kwamba maradhi haya hurithiwa kwa kiasi kikubwa, asilimia 60 mpaka 80 kwa makadirio mengi. Mwezi wa Januari 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti mkubwa uliowakusanya wagonjwa 158,036 na kuwalinganisha na watu wengine wapatao milioni 2.8. Ukaonyesha sehemu 298 katika jeni zenye uhusiano na maradhi haya. Hakuna jeni moja ya wazimu. Ni nyingi, kila moja ina mchango mdogo, na juu yake huongezeka maisha: usingizi, misiba, ulevi, bangi, mairungi. Lakini hata humo wengi walikuwa ni Wazungu.

Sasa dawa ya upungufu huo ni nini? Ni kukimbia? Hapana. Ni kuingia. Makerere imeingia. Pamoja na Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, watafiti wetu walishiriki katika utafiti unaoitwa NeuroGAP-Psychosis, uliopangwa kukusanya wagonjwa wa schizofrenia na baipola 17,000 na watu wasio wagonjwa 17,000, ili jeni za Waafrika nazo zisomwe. Ukiombwa kushiriki katika utafiti kama huo, uliza: nani anasimamia? Damu yangu itahifadhiwa wapi? Naweza kujitoa? Hiyo ni haki yako, na idhini yako ndiyo msingi. Lakini usikatae kwa sababu ya uvumi wa boda boda. Umma uliotoa Ibn Sina hauna sababu ya kuogopa karatasi ya maswali.

"DAWA ZINAUA AKILI"

Hoja ya tatu ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ina nguvu. Dawa za zamani zinazotumika sana hospitalini kwetu huweza kumfanya mtu asinzie, atetemeke, anenepe, akakamae. Mzazi akimwona mwanawe hivyo analia. Tunamwelewa. Lakini jibu ni kurudi kwa daktari apunguze au abadilishe, si kuzitupa chooni.

Lithiamu, kwa mfano, ni chumvi ya madini, si uchawi. Daktari wa Australia, John Cade, alitangaza mwaka 1949 kwamba imewatuliza wagonjwa wake 10 wa mania. Mpaka leo ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi mkubwa zaidi wa kuzuia maradhi yasirudi na wa kupunguza watu kujiua. Ila ina masharti. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana, kwa hiyo damu lazima ipimwe, na figo na tezi ya shingo ziangaliwe. Mgonjwa akiharisha sana au akipungukiwa na maji, dawa hupanda mwilini. Na msimpe diclofenac au ibuprofen ya dukani kwa kila maumivu, maana nazo huipandisha. Dawa nyingine, valproate, ina madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni, basi binti aliyeolewa au anayetarajia kuolewa lazima alijadili jambo hilo na daktari wake mapema. Na mgonjwa wa baipola akipewa dawa za huzuni peke yake, bila dawa ya kumshikilia asipande, anaweza kurushwa kwenye mania. Ndiyo maana mueleze daktari historia yote, ya kupanda na ya kushuka, wala msifiche kwa aibu.

RAMADHANI NA USINGIZI

Hapa ndipo sisi wenye elimu ya dini tunapoulizwa, na hapa ndipo tunapojibu kwa haraka mno.

Nchini Morocco, watafiti wa Casablanca waliwafuatilia wagonjwa 20 wa baipola waliokuwa wakitumia lithiamu katika Ramadhani, wakachapisha mwaka 2000. Karibu nusu yao maradhi yaliwarudia, na wengi kwa sura ya mania, wala sababu haikuwa kiwango cha lithiamu katika damu. Nchini Pakistan, utafiti wa wagonjwa 62 uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kinyume: kiwango cha lithiamu hakikubadilika sana, na hali zao hazikuharibika. Basi asije mtu akasema "sayansi imekataza saumu", wala asije mwingine akasema "saumu haimdhuru yeyote". Wote wawili wamesema wasiloambiwa.

Kinachojulikana vizuri ni kwamba kukosa usingizi kunaweza kuwasha mania kwa mwenye maradhi haya. Na sisi Ramadhani yetu tumeigeuza kuwa mwezi wa kukesha: Tarawehe, chakula, mazungumzo, simu, daku. Kwa hiyo tunasema: kabla ya Shaaban kwisha, mgonjwa aende kwa daktari wake aulize. Akiambiwa saumu itamdhuru, Allah (S.W.) katika Surat al-Baqara amempa ruhusa mgonjwa, na kuikataa ruhusa ya Allah si ucha Mungu. Akiambiwa anaweza kufunga, apangiwe nyakati za dawa kati ya magharibi na daku, na alale. Akiswali rakaa chache katika kumi la mwisho kisha akalala, usiku wake haujapotea. Na sisi walimu tukimwona kijana siku tatu hajalala na uso unawaka, tusimpe kipaza sauti. Tumwite mama yake.

FIQHI ILITUTANGULIA

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa mtu aliyerukwa na akili mpaka imrudie. Mafaqihi wakaenda mbali zaidi. Wakatofautisha wazimu wa kudumu na wazimu unaokuja na kuondoka, wakasema mwenye huo wa pili, akizindukana, ni mtu kamili: kuuza kwake, kuoa kwake na ushahidi wake vinafaa. Karne nyingi kabla ya jina la baipola, fiqhi ilikwisha mpa mtu huyo heshima yake. Sisi leo mtu akiwahi kulazwa Butabika mara moja, hatumpi tena hata adhana!

Angalieni pia mali. Surat an-Nisaa, aya ya 5, inatukataza kuwaachia mali wasioweza kuisimamia, kisha inatuamrisha tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao maneno mazuri. Yote yamo: zuia mtaji usigawiwe Owino, lakini usimtukane aliyetaka kuugawa. Na aliyetamka talaka katika kilele cha mania, familia isikimbilie kumfungasha mke. Waende kwa kadhi pamoja na maelezo ya daktari, kwa sababu talaka ya aliyepotewa na akili haipiti. Katika haipomania akili mara nyingi bado ipo, na hapo hukumu ni nyingine. Ndiyo maana kadhi na daktari wanahitajiana.

TUFANYE NINI?

1. Mzazi, andika. Andika saa anazolala mwanao, fedha anazotumia na siku alipoanza kubadilika. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maneno mia.

2. Nenda hospitali mapema. Butabika imekuwepo tangu mwaka 1955, na hospitali za rufaa za mikoani kama Masaka, Mbale na Arua zina vitengo vya magonjwa ya akili. Tunajua dawa huadimika na foleni ni ndefu. Hilo ni la kuidai serikali, si la kumrudisha mgonjwa kwenye kamba. Bunge lilipitisha sheria mpya ya afya ya akili mwaka 2018 badala ya ile iliyorithiwa tangu ukoloni. Tuisome na tuidai.

3. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, ondoa dawa za wadudu na visu, umpeleke siku hiyo hiyo. Usimhutubie kuhusu Jahannam.

4. Maimamu, wakeni khutba moja kwa mwaka. Na neno "Butabika" lisitumiwe tena kama tusi katika mabaraza yetu.

5. Kamati za zaka na sadaka, lipieni nauli na vipimo vya damu. Waliotutangulia walijenga hospitali nzima kwa wakf. Sisi tushindwe na nauli ya taksi?

6. Aliyepona asijifiche. Hapa Uganda kuna watu walioumwa wenyewe wakaanzisha chama, Heartsounds Uganda, kusaidiana na wenzao. Katika misikiti yetu wapo wengi kama hao, tumewaziba midomo.

Ndugu zetu, mama yule wa vitenge hajarudishiwa cherehani yake na yule raqi. Sisi tulichanga tukamnunulia nyingine, lakini siku 11 za mwanawe hatuna pa kuzinunua. Hilo tutaulizwa mbele ya Allah, na hatutaweza kujibu kwamba ni jini aliyefunga zile kamba. Tulizifunga sisi, kwa kunyamaza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, atupe elimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.